Nakala za kompyuta zisikabidhiwe mtu kabla hajathibitishwa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi tunaotunza kompyuta za shule, zahanati na vyama vya ushirika katika eneo hili la ziwa tunalishuhudia mara kwa mara, lakini sijaona likijadiliwa kwa uzito unaolistahili. Kwa miaka mingi wananchi wamehimizwa waweke nakala za faili zao mbali na kompyuta wanazozitumia, na himizo hilo limesikika. Stima ikipotea na kurudi kwa kishindo hadi ikaunguza mashine, mto Nyando ukivunja kingo zake, au wezi wakiingia ofisini usiku na kubeba kila kilicho juu ya meza, chama chenye nakala katika diski ya nje au katika hifadhi ya mtandaoni huendelea na kazi baada ya siku chache. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: siku mtu anapokuja kuiomba nakala hiyo, tunajuaje kwamba ndiye anayestahili kuipewa?

Ninauliza kwa sababu nakala ya daftari la wanachama ina kila kilichomo katika daftari lenyewe. Ina majina, namba za vitambulisho, namba za simu, akiba, mikopo, wadhamini, na mara nyingi picha za hatimiliki za mashamba yaliyowekwa rehani. Nakala ya kompyuta ya zahanati ina magonjwa ya watu. Hata hivyo, ulinzi wa vitu hivi viwili haulingani hata kidogo. Kompyuta ya ofisi ina nywila, mlango una kufuli na bawabu yuko langoni, ilhali nakala imo ndani ya fulashi kwenye droo ya katibu, au iko kwa fundi aliyeitengeneza mwaka juzi, au katika akaunti ya barua pepe ambayo nywila yake inajulikana na kamati nzima, pamoja na wajumbe waliokwisha kuondoka. Mwizi mwenye akili atakwenda kule kusikolindwa. Mwaka 2022 kampuni ya LastPass, ambayo kazi yake hasa ni kuwatunzia watu nywila, ilitangaza kwamba wadukuzi walikuwa wamejichukulia nakala za data za wateja wake, nao walizipata katika hifadhi ya mtandaoni iliyotengwa na mfumo unaotumika kila siku. Ikiwa hayo yanaikuta kampuni ya usalama, hatuna sababu ya kujifariji kwamba chama cha wakulima wa miwa hakitafikiwa.

Nitaeleza nilichokiona katika saiba moja, yaani duka la huduma za kompyuta na intaneti, mjini hapa Kisumu, ambayo sitaitaja. Kando ya kompyuta ya mhudumu palikuwa na daftari la shule lililopigwa mistari kwa rula, safu ya kwanza jina la mteja, ya pili anwani ya barua pepe, ya tatu nywila, ya nne namba ya kitambulisho. Mhudumu hakuwa na nia mbaya. Wateja wake wengi huja mara moja kwa mwaka kuwasilisha ritani za kodi kabla ya tarehe 30 Juni, au kumwombea mtoto mkopo wa chuo, na wakirudi huwa wamesahau kila kitu, hivyo daftari lile ndilo linaloiwezesha foleni kusonga. Lakini akaunti hiyohiyo ya barua pepe ndiyo inayohifadhi picha zilizotoka katika simu ya mteja, orodha ya watu wake, na hati zote alizowahi kuchapishiwa hapo. Nikiwa bado nimekaa, akaingia mtu akasema ametumwa na mjomba wake aliye mgonjwa achukue hatimiliki ya shamba iliyowahi kupigwa skani humo. Mhudumu akamuuliza jina kamili la mjomba na mwaka wake wa kuzaliwa. Alijibu yote mawili bila kusita, na ile karatasi ikatoka kwenye printa. Huenda kweli alikuwa mpwa aliyetumwa. Ninachosema ni kwamba maswali yale mawili yangejibiwa vilevile na jirani anayegombania mpaka wa shamba hilo.

Hapo ndipo penye kiini cha barua yangu. Tumezoea kuchukulia kwamba anayejua habari za mtu fulani ndiye mtu huyo, au ametumwa naye. Katika nchi yetu habari hizo zimetapakaa kila mahali. Ukiingia katika jengo lolote la ofisi mjini, bawabu atakuandika kitabuni jina, namba ya kitambulisho na namba ya simu, na atakayekuja baada yako ataandikwa mstari unaofuata huku akisoma wa kwako. Kitabu cha wakala wa pesa kwa simu kina mambo hayohayo. Ukimtumia mtu shilingi chache, ujumbe unaorudi hukuonyesha jina lake. Na sisi wa magharibi mwa Kenya tuna desturi nyingine ambayo naiheshimu na sitaki iachwe, ile ya kumuaga marehemu kwa kijitabu cha mazishi chenye tarehe yake ya kuzaliwa, shule alizosoma, jina la mama yake, la mke au wake zake, watoto wote kwa mpangilio, na wakwe. Tangazo la redio nalo husoma ukoo mzima. Jina la ukoo wa mama, shule ya kwanza na mahali pa kuzaliwa, ambayo mifumo mingi ya kompyuta huyafanya maswali ya siri, kwetu husomwa hadharani kwa kipaza sauti mbele ya mamia ya waombolezaji. Kijitabu hicho humtaja pia kila mtoto aliye hai, na mahali anapofanya kazi.

Udhaifu huu haukuanzia kwetu. Mwaka 2008 mwanafunzi mmoja wa chuo huko Tennessee aliingia katika barua pepe ya Sarah Palin, aliyekuwa gavana wa Alaska na mgombea mwenza wa urais wa Marekani, kwa kujibu maswali ya kurejesha nywila: tarehe ya kuzaliwa, msimbo wa posta, na mahali alipokutana na mumewe. Majibu yote aliyatafuta katika intaneti. Mwaka 2012 mwandishi wa jarida la Wired, Mat Honan, alipoteza akaunti zake kwa sababu wadukuzi walimpigia simu mhudumu wa Apple na kumtajia anwani ya malipo pamoja na tarakimu nne za mwisho za kadi ya benki, ambazo walikuwa wamezipata kupitia akaunti yake ya Amazon. Mhudumu akaridhika. Simu, kishikwambi na kompyuta ya Honan vikafutwa kwa mbali, pamoja na picha za mtoto wake. Kufikia mwaka 2017, NIST, ambayo ni taasisi ya viwango ya Marekani, iliandika katika mwongozo wake kwamba mtumiaji asitakiwe kuchagua siri za aina ya jina la mnyama wake wa kwanza. Wenzetu wameacha njia hiyo baada ya kuumia. Sisi bado tunaijenga katika fomu mpya.

Ushahidi unaofaa ni wa aina tatu, nao huwa na nguvu pale zinapoungana mbili au zaidi: siri ambayo mtu anaijua peke yake, kitu alicho nacho mkononi, na alama ya mwili wake. Katika hizo, tunayoitegemea sana ni kitu kilicho mkononi, yaani laini ya simu inayopokea msimbo kwa ujumbe mfupi. Ni afadhali kuliko kutokuwa na chochote, na sitamshauri mtu aizime ikiwa hana nyingine. Lakini kila Mkenya amewahi kusikia, ikiwa hakumjua mhusika mwenyewe, kisa cha laini iliyosajiliwa upya katika kadi nyingine na tapeli aliyekuwa na namba ya kitambulisho pamoja na ulimi mtamu. Dalili ya kwanza ambayo mwenye simu huiona ni mtandao kupotea, na kufikia wakati anapofika dukani kuuliza, misimbo imekwisha kumfikia mwingine. Kwa nakala zenye mambo ya watu wengi, kama za chama au shule, ni bora kutumia programu ndogo ya simu inayotoa msimbo mpya kila baada ya sekunde 30. Programu hiyo hukokotoa msimbo kutokana na saa na siri iliyopandwa ndani yake siku ya kwanza, kwa hiyo haitegemei laini, haihitaji mtandao, na itafanya kazi hata pale Budalang'i mvua ikiwa imeangusha mawasiliano.

Alama ya kidole nayo inasifiwa kupita kiasi. Mkata miwa wa Mumias au mchuma chai wa Nandi aliyetumia mikono yake miaka thelathini anaweza kuweka kidole juu ya kioo mara nne na mashine isimtambue. Kumrudisha mtu wa namna hiyo nyumbani bila huduma, kwa sababu ya kazi iliyomlisha, ni kumdhulumu. Kidole kiwe njia mojawapo, na ambaye kidole chake hakisomeki apewe njia nyingine iliyo na uzito sawa.

Kwa vyama na shule, kifaa peke yake hakitoshi, maana nakala nyingi hutolewa na binadamu kwa binadamu. Mtu hupiga simu akasema yeye ndiye mweka hazina, kompyuta imekufa, mkaguzi amefika, anahitaji faili sasa hivi. Haraka hiyo ndiyo silaha ya tapeli. Kinga yake haigharimu hata senti tano: fundi akate simu, kisha apige mwenyewe kwa namba iliyoandikwa katika kumbukumbu za chama tangu zamani, asipige kwa ile iliyomwita. Awepo na ofisa wa pili, asiyetoka ofisi moja na mwombaji, anayekubali kwa maandishi. Nakala irudishwe katika kompyuta ya chama ilikotoka, isitumwe kwa anwani ya barua pepe ya mtu binafsi hata kama anwani hiyo ina jina la mweka hazina. Mwombaji apewe faili aliyoitaja na si hifadhi yote. Ikiwa ombi linahusu kubadilisha nywila kuu au namba ya simu ya kupokelea misimbo, pawekwe kipindi cha kungoja, na tangu saa ileile ujumbe wa tahadhari uende kwa wahusika wote waliosajiliwa, ili yule wa kweli, ikiwa siye aliyeomba, apate nafasi ya kusema hapana. Na kila ombi liandikwe katika kitabu au katika mfumo: nani, lini, alichukua nini, nani aliidhinisha.

Jambo moja hapa lanikereketa zaidi ya mengine. Mkutano mkuu hufanyika, viongozi wapya huchaguliwa, mihuri na vitabu vya hundi hukabidhiwa mbele ya wanachama, picha zikapigwa. Akaunti ya hifadhi haikabidhiwi. Katibu aliyeshindwa kura hubaki nayo katika simu yake, akiweza kusoma kila mkopo unaotolewa na uongozi uliomshinda, na sijui vyama vingapi vimevunjika kwa fitina zilizoanzia hapo bila mtu kutambua siri zilitokea wapi. Makabidhiano ya nywila na kuondolewa kwa simu za waliotoka yanafaa kufanyika siku hiyohiyo na kuandikwa katika kumbukumbu za mkutano.

Sheria tunayo. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ilikuja kukitimiza. Sheria hiyo humpa mtu haki ya kuona habari zake zinazotunzwa na wengine, na wakati huohuo humwajibisha anayezitunza kuzilinda zisifikiwe na asiyehusika. Haki hizo mbili haziwezi kutimizwa pamoja bila kuthibitisha kwanza anayeomba ni nani. Data ikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, mtunzaji ana saa 72 tangu alipojua ili amwarifu Kamishna wa Data. Wengi wa wenyeviti ninaozungumza nao hudhani sheria hii inahusu benki na kampuni za simu. Inamhusu pia mwenye diski yenye majina ya wanafunzi 800.

Kuna pia suala la ufunguo wenyewe. Nakala inaweza kufumbwa kwa nywila ndefu, hivi kwamba hata mwenye seva asiweze kuisoma. WhatsApp ilianza kuwapa watumiaji nafasi hiyo mwaka 2021. Kabla ya hapo mazungumzo yalilindwa yakiwa safarini, lakini nakala iliyowekwa katika hifadhi ya mtandaoni haikuwa na ulinzi huohuo. Sasa mtu anaweza kuchagua nywila au ufunguo wa tarakimu 64. Nawahimiza wasomaji waiwashe sehemu hiyo katika mipangilio, kwa sharti kwamba wauandike ufunguo wao katika karatasi na kuuweka mahali pawili salama, kwa kuwa ukipotea hakuna ofisi yoyote duniani itakayowafungulia. Chama kiweke ufunguo wake ndani ya bahasha iliyotiwa lakiri na kusainiwa na watu wawili, pamoja na hatimiliki na vyeti.

Najua watakaosema ninawaongezea wanyonge usumbufu. Pingamizi hili nalichukua kwa uzito, kwa maana nimewaona wazee wakizungushwa ofisini kutoka dirisha hadi dirisha kwa kukosa kikaratasi kimoja. Mfumo unaomfungia nje mwenye mali umeshindwa sawasawa na ule unaomwingiza mwizi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba njia ya kurejesha ipangwe siku ya kufungua akaunti, wakati mtu yuko mbele yetu mzima, ana simu yake na kitambulisho chake. Siku hiyo apewe misimbo ya dharura iliyochapishwa, aambiwe aiweke alikoweka cheti cha kuzaliwa, na ataje watu wawili anaowaamini wanaoweza kufika naye ana kwa ana kumtambua ikiwa amepoteza vyote. Mama aliyeibiwa simu katika soko la Kibuye asilazimike kutunga ushahidi mpya akiwa na machozi.

Mzito zaidi ni msiba. Mume akifariki, mjane huja kwa fundi na simu au kompyuta ya marehemu akitaka picha za familia, risiti za karo, na mikataba ya mashamba. Siku mbili baadaye huja shemeji na ombi hilohilo, naye ana hadithi tofauti. Fundi hapaswi kuwa hakimu wa ukoo. Namwelekeza mtu katika njia iliyopo tayari, yaani Sheria ya Urithi, ambayo huanza na barua ya chifu inayowataja warithi na kuishia kwa mahakama kumteua msimamizi wa mali. Yule mwenye hati ya mahakama ndiye wa kukabidhiwa faili za mali. Huchukua muda, na muda huo ni mchungu kwa mwanamke mwenye watoto wanaodaiwa karo. Kwa hiyo namsihi kila mwenye familia ayatatue haya akiwa hai. Huduma kubwa za hifadhi, zikiwemo za Google na Apple, zina sehemu ya kumtaja mtu atakayeruhusiwa kufikia data yako ukifariki. Kuijaza hakuhitaji wakili.

Ombi langu la mwisho ni kwa wakaguzi wa hesabu na maofisa wa ushirika wa kaunti za Kisumu, Siaya, Busia, Kakamega na Nakuru. Wanapopita katika vyama kabla ya mkutano mkuu huuliza kama nakala za hifadhi zipo, wakionyeshwa diski hutia alama na kuendelea. Waongeze maswali mawili: ni nani walioomba kuzifungua tangu ukaguzi uliopita, na kila mmoja alithibitishwa kwa njia gani. Chama kisicho na majibu kiandikwe hivyo katika ripoti, na sehemu hiyo ya ripoti isomwe mbele ya wanachama.

Wako mtiifu,
Fundi wa kompyuta,
Kisumu